Presi imenikata vidole, bosi anasema ni uzembe wangu, je bado nina haki?

Swali:

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni dada wa miaka 26, nipo Dar. Nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha vifaa vya mabati karibu miaka miwili, nililetwa na wakala, malipo elfu kumi kwa siku, mkataba sina. Mwanzo nilikuwa upande wa kupaki, alafu mwenzetu akaenda kujifungua nikahamishiwa kwenye presi, supavaiza akanionyesha dakika chache tu nikaanza kazi. Presi ina vitufe viwili unatakiwa ubonyeze kwa mikono yote miwili lakini sisi wote tulikuwa tunafunga kimoja kwa mpira maana bila hivyo hufikishi pisi za siku, na supavaiza anajua. Siku ya ajali nilibonyeza ikashuka ikapanda, nikaingiza mkono wa kulia kutoa pisi, ikashuka tena. Naapa sikubonyeza. Kidole cha shahada kimeondoka chote, cha kati kimekatwa kwenye kiungo cha katikati. Kiwanda kililipa hospitali, baada ya wiki mbili wakaniita ofisini wakanipa laki nne nikaweka dole gumba kwenye karatasi kwamba nimepokea na sitadai tena. Sasa ni mwezi wa tano. Nikienda getini mlinzi ananiambia jina langu halipo. Bosi kasema ni uzembe wangu na mashine haiwezi kushuka yenyewe. Usiku vidole ambavyo havipo vinawaka moto, kidole cha pete hakikunji vizuri wakati hakikukatwa, na nikisikia mlango wa bati ukigonga natetemeka mwili mzima. Je nina haki yoyote au nimeshajifunga? Na je naanza kuchanganyikiwa?"

Jibu:

Pole sana dada yangu. Nianze na mambo mawili usilale nayo tena leo. Huchanganyikiwi, maumivu ya kidole kisichokuwepo yanajulikana vizuri hospitali na yana tiba, nitakueleza mbele. Na hujajifunga. Miezi mitano bado uko ndani ya muda, ila muda wenyewe hautakusubiri, kwahiyo ukimaliza kusoma hapa kesho asubuhi kuna mahali pa kwenda.

Mi kazi yangu ni usalama wa mashine viwandani, na kwa sababu hiyo nimekaa sana na watu waliopoteza vidole kwenye presi, kwenye misumeno, kwenye mikanda ya mashine za kusaga. Karibu kila mmoja anakuja na sentensi ileile ya bosi: ni uzembe wako. Wewe umeibeba miezi mitano, kwahiyo tuanze nayo, tuingie ndani ya mashine yenyewe.

Bosi anasema mashine haiwezi kushuka yenyewe. Hapo amekosea. Presi nyingi za zamani za kukata na kukunja bati zinaendeshwa na gurudumu zito la chuma ambalo mota inalizungusha muda wote, hata wakati kichwa cha presi kimetulia juu. Ukibonyeza, kuna klachi ndani, kipande cha chuma kinachochomoka na kulishika lile gurudumu na shafti pamoja, shafti inazunguka mzunguko mmoja kamili, kichwa kinashuka kinapiga kinapanda, alafu klachi inatakiwa iachie na breki ishike kichwa kibaki juu. Kwenye presi za aina hii klachi ikishashika hakuna kuisimamisha katikati, utake usitake itamaliza mzunguko wake, ni kama mkokoteni uliojaa mizigo ukishaachiwa kwenye mteremko.

Sasa angalia mwisho wa mzunguko. Ili kichwa kibaki juu lazima vitu kadhaa viwe vizima: kile kipande cha klachi kisiwe kimelika, springi inayokirudisha isiwe imechoka au kukatika, na breki isiwe imelegea au kulowa oili. Kimoja kikiharibika, klachi haiachii vizuri na kichwa kinashuka mara ya pili bila mtu kugusa kitufe. Mafundi wa presi wanalijua tatizo hili siku zote. Mara nyingi mashine inatoa dalili kabla, kichwa kinasimama kikiwa kimepitiliza kidogo, kunakuwa na mlio wa kugonga ambao haukuwepo, au siku moja inapiga mara mbili bila pisi ndani na watu wanacheka wanaendelea na kazi. Jiulize na uwaulize wenzako kama mliwahi kuona kitu kama hicho, na kama baada ya ajali yako alikuja fundi akafungua mashine, na alibadilisha nini. Andika.

Nitakuwa mkweli kwako, kuna uwezekano wa pili. Kwa kuwa kitufe kimoja kilikuwa kimefungwa, inawezekana mkono wako wa kushoto ulikuwa bado umeegemea kile kingine, au uligusa bila kujua wakati unajivuta kutoa pisi. Presi iliyotengenezwa vizuri inazuia hilo, inakulazimisha uachie vitufe vyote kabla haijakubali kushuka tena, lakini ya zamani au iliyochezewa nyaya haikuzuii. Mi sikuwepo kwahiyo siwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Ila nakuambia kitu ambacho wengi hawakijui: vitufe viwili kazi yake ni kuhakikisha mikono iko nje wakati wa KUANZISHA pigo. Havizuii pigo la pili. Kama klachi yako ndo ilikuwa mbovu, hata kama usingefunga mpira, hata kama ungebonyeza kwa mikono miwili kama malaika, ungeinua mikono ukaingiza mmoja kutoa pisi na ingeshuka palepale. Mpira usingekuwa na uhusiano wowote na vidole vyako.

Na kuna watu watakuambia ungekuwa makini ungeutoa mkono. Presi inayopiga mapigo 60 kwa dakika inatumia sekunde moja kwa pigo zima, yaani kushuka ni kama nusu sekunde. Binadamu anahitaji karibu robo sekunde ili tu ubongo ujue kuna kitu kinasogea na kuamrisha misuli, bado mkono wenyewe haujaanza kutoka, na hapo ni kama ulikuwa unatazama kichwa cha presi, wakati wewe ulikuwa unatazama pisi kama mtu yeyote angefanya. Presi nyingi zina kasi kuliko hiyo. Hakuna umakini unaoshinda hesabu hii, ndo maana kwenye taaluma yetu hatutegemei umakini wa mtu, tunaweka kizuizi cha chuma mbele ya mahali pa kupigia chenye uwazi wa kupitisha bati tu na sio vidole, na pisi inatolewa kwa koleo refu au sumaku au inadondoka yenyewe. Mkono hauingii kabisa. Presi inayomtaka mtu aingize mkono kila pigo, mara mia kadhaa kwa shifti, inasubiri tu siku, na hilo ni jukumu la mwenye mashine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri aweke kinga kwenye sehemu hatari za mashine na amfundishe mfanyakazi kabla hajamweka pale. Dakika chache za supavaiza sio mafunzo. Na kama tageti ya pisi haifikiki bila kufunga kitufe, na supavaiza anapita anaona mpira na anakaa kimya, basi aliyefunga kitufe kile ni yule aliyeweka tageti.

Hilo la mashine nimelirefusha makusudi kwa sababu najua linakula usiku. Lakini sasa nikuambie kitu ambacho pengine kitakushangaza. Kwenye fidia, swali la nani alikuwa mzembe kwa sehemu kubwa HALIULIZWI. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo ndo iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, haikutaki uthibitishe kwamba mwajiri alikosea. Inauliza vitu vichache: ulikuwa mfanyakazi? uliumia? uliumia kutokana na kazi na ukiwa kazini? Kukosea, kuchoka, kusahau, kuteleza, vyote hivyo bado ni ajali kazini. Kinachoweza kukuharibia ni utovu mkubwa wa makusudi, mfano mtu kaja kalewa kaingiza mkono kwa ubishi, na hata hapo sheria inawaangalia tofauti walioumia vibaya au waliofariki wakaacha wategemezi. Wakikuuliza kuhusu mpira usidanganye. Sema wote mlikuwa mnafunga, tangu lini, kwa sababu gani, na nani alikuwa anaona. Ukweli huo unakulinda kuliko kuuficha, maana wenzako wakihojiwa wataueleza tu.

Watu wengi wanachanganya ofisi hapa kwahiyo nizitenganishe haraka. OSHA wanakagua usalama na kuchunguza ajali, hawalipi fidia. NSSF ni mafao ya uzeeni na mengineyo, sio mahali pa kupeleka dai la kidole kilichokatwa na presi. Fidia ya kuumia kazini kwa Tanzania Bara ni WCF, sekta binafsi na serikali pia. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kupokea madai ya fidia Julai 2016, na pesa yote anachangia mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Kwahiyo ukisikia mtu anasema huwezi kulipwa kwa sababu hukuwa unachangia, hajui anachosema.

"Mkataba sina." Nasikia hii kila mara na watu wanaisema kwa aibu kama vile kosa ni lao. Kutokukupa maelezo ya ajira kwa maandishi ni kosa la mwajiri, na kukiwa na mgogoro mwajiri ambaye hakuyatoa ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Zaidi ya hapo kuna Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema utachukuliwa kuwa ni mwajiriwa kama kuna hata jambo moja kati ya kadhaa: unapangiwa saa za kazi, unaelekezwa namna ya kuifanya, unatumia vifaa vyao, unawategemea wao kiuchumi, au umewafanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Wewe saa 45 ulikuwa unazimaliza ndani ya wiki. Kibarua ni jina tu walilokupa.

Kuhusu wakala na kiwanda, watarushiana mpira, huyu atasema sio wangu yule atasema sio wangu. Usijaribu kuamua wewe. Kwenye maelezo yako andika majina ya wote wawili, nani alikulipa, nani alikuwa anakupa amri, mashine ni ya nani, ajali ilitokea kwenye jengo la nani. Wenye ofisi watachambua.

Na ile karatasi ya dole gumba. Haki ya fidia imetolewa na sheria na haifutwi na karatasi iliyoandikwa ofisini kwa meneja, zaidi wakati wewe mkono umefungwa bandeji na una maumivu. Laki nne uliyopokea usiifiche wala usikimbilie kuirudisha, itaje kama ilivyo, lini, nani alikupa, kwa maelezo gani. Kama unaweza kupata kopi ya ile karatasi ni vizuri, ukinyimwa andika kwamba ulinyimwa.

Muda sasa. Ukiumia unatakiwa umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, wewe ulijulikana siku ileile maana walikupeleka wenyewe hospitali. Mwajiri naye anatakiwa apeleke taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7. Na kwa upande wako mlango unafungwa ajali ikifikisha miezi 12 bila taarifa kufika. Nina wasiwasi mkubwa kwamba kiwanda chako hakikupeleka kitu, kwa sababu wangepeleka mtu wa Mfuko angeshakutafuta au hospitali ingekupa fomu za kujaza. Hivyo nenda mwenyewe ofisi ya WCF, Dar wana ofisi na mikoani pia, uwaambie kwa lugha rahisi kabisa: niliumia kazini tarehe fulani, mwajiri ni fulani, naomba kujua kama taarifa yangu imeletwa, na kama haijaletwa naomba kuileta. Kama mwajiri hajajisajili kabisa peleka taarifa hivyohivyo, kutojisajili ni kosa lake kisheria na ukimya wako hautakusaidia wewe.

Beba vitu. Karatasi zote za hospitali kuanzia siku ya kwanza, eksirei, PF3 kama ulipewa polisi, kitambulisho chako. Ushahidi wa kazi kwa kuwa mkataba hakuna: meseji za malipo ya M-Pesa au Mixx by Yas, zamani Tigo Pesa (mtandao unaweza kukutolea taarifa ya miamala ya nyuma), picha ulizopiga ukiwa na sare au na wenzako ndani, kitambulisho cha getini, meseji za grupu la WhatsApp la shifti. Hilo grupu kama bado hujatolewa piga picha za skrini LEO, maana watu wanatolewa. Andika majina ya waliokuwepo siku ile. Najua wenzako wanaogopa kupoteza kibarua, usiwalazimishe kusaini chochote, andika tu majina na nani alisimama wapi, anza na wale ambao wameshaacha kazi pale maana hao hawana cha kuogopa.

Unaweza kupata nini? Sitakutajia kiasi na yeyote anayekutajia kiasi kabla daktari hajakutathmini anakudanganya, hasa wale madalali wanaojitokeza kusema nitakusaidia tugawane nusu. Kwenda WCF hakuhitaji dalali. Ila mafungu yenyewe ni haya: gharama za matibabu zinazotokana na ile ajali, pamoja na zinazokuja mbele. Kipindi ambacho hukuweza kufanya kazi wakati unauguza kuna malipo ya ulemavu wa muda, asilimia 70 ya kipato chako, kwa muda usiozidi miezi 24. Kwa mfano kama siku zako 26 za mwezi zilikuwa zinakupa 260,000 basi asilimia 70 ni 182,000 kwa mwezi. Alafu mkono ukishafikia mahali ambapo daktari anaona haubadiliki tena, unafanyiwa tathmini ya ulemavu wa kudumu kwa asilimia, ikiwa asilimia 30 au chini unalipwa kwa mkupuo mara moja, ikizidi 30 inakuwa pensheni ya kila mwezi. Kuna pia huduma za utengamao, yaani mazoezi, viungo bandia, na kusaidiwa kurudi kwenye kazi. Tathmini ndo inabeba uzito wa kila kitu, kwahiyo ukiwa mbele ya daktari usijikaze. Sisi tumezoea kuulizwa unaendeleaje tunajibu namshukuru Mungu naendelea vizuri. Pale eleza: siwezi kufunga kifungo, siwezi kukamua nguo, siwezi kushika kisu, kidole cha pete hakikunji, silali usiku. Na usikimbilie tathmini ya mwisho wakati mazoezi hujafanya kabisa. Usiporidhika na uamuzi una haki ya kuupinga kwa utaratibu wa sheria hiyohiyo, omba uandikiwe sababu na muda wa kupinga.

Suala la kazi yenyewe ni njia nyingine tofauti na hii, na hapa sina habari nzuri sana. Kulalamikia kuachishwa isivyo halali unatakiwa ufike CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu uachishwe. Kama mlinzi alikwambia jina halipo miezi mitatu iliyopita umechelewa, unaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi kama kuwa kwenye matibabu, lakini ni ombi, wanaweza kukubali au kukataa. Mtu aliyeumia kazini mwajiri anatakiwa kwanza aangalie kazi nyingine anayoweza kuifanya kabla ya kumuondoa, na wewe kupaki ulishawahi kufanya, hiyo hoja ni nzuri. Kabla ya kuingia CMA ongea na mtu wa sheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, wanatoa msaada wa kisheria bure kwa wasio na uwezo, na kwenye kata nyingi kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, uliza ofisi ya kata au ustawi wa jamii. Kama pale kiwandani TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani, wana tawi, ongea nao pia hata kama hukuwa mwanachama. Ila tafadhali CMA isikucheleweshe WCF. WCF kwanza.

Sasa turudi kwenye mkono, kwa sababu hapo ndo naona umeachwa peke yako kabisa. Walikushona wakakuruhusu na hakuna aliyekuambia kinachofuata.

Kidole cha pete hakikukatwa lakini hakikunji, na umeshangaa. Misuli inayokunja ncha za vidole haipo kwenye vidole, ipo mkononi karibu na kiwiko, na inavuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kiganja. Kano za kidole cha kati, cha pete na cha mwisho zinatoka kwenye msuli unaofanya kazi kwa pamoja. Kano ya kidole chako cha kati ikiwa imenasa kwenye kovu pale kilipokatwa, msuli wote unazuiliwa usifike mwisho wa mvuto wake, na wenzake wanakosa nguvu ya kukunja. Sio kwamba kidole cha pete kimekufa. Mara nyingi mazoezi sahihi yanalegeza kovu na kinarudi, na mazoezi yakishindikana kuna upasuaji mdogo wa kuachia kano. Kinachoharibu kabisa ni kukaa miezi na mkono umefungwa kitambaa, umefichwa ndani ya khanga, hautumiki, viungo vinakakamaa. Utumie. Shika kikombe chepesi, kunja taulo, menya chungwa, hata kama inachukua mara tatu ya muda. Dole gumba lako lipo zima na hiyo ni nusu ya mkono. Watu waliopoteza kidole cha shahada na kipande cha kati wanajifunza kubana vitu kwa dole gumba na kidole cha pete, ubongo unahamisha kazi, na vidole viwili vya mwisho ndo vinavyoupa mkono nguvu ya kukamata tangu zamani. Kuandika utaandika.

Vidole visivyokuwepo kuwaka moto. Ubongo una sehemu yake ya kila kidole, na sehemu ile haiondoki siku kidole kinapoondoka. Inabaki inasubiri habari, na mishipa ya fahamu iliyokatwa nayo inatuma ishara ovyo kutoka kwenye kisiki, yaani pale kidole kilipokatwa, ubongo unazisoma kama moto, kama kubanwa, kama kidole kimekunjwa kwa nguvu. Maumivu ni ya kweli kabisa, usikubali mtu akuambie ni mawazo wala ni mambo ya kurogwa. Kuna vitu unaweza kuanza nyumbani: sugua kisiki taratibu mara kadhaa kwa siku, mwanzo pamba, alafu kitambaa laini, baadaye taulo gumu, kisha zamisha mkono kwenye bakuli la mchele mkavu uuzungushe, ila kidonda kiwe kimefunga kabisa. Ngozi na mishipa vinazoea. Kuna pia tiba ya kioo, iliyoanza kutumika miaka ya 1990: unasimamisha kioo katikati ya meza, mkono ulioumia nyuma ya kioo, mzima mbele, unatazama kwenye kioo unauona kama mkono wako wa kulia mzima, unaukunja na kuukunjua polepole dakika 10 hadi 15 kila siku. Haimsaidii kila mtu, wengine inawapunguzia sana, gharama ni kioo tu. Na kuna dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu ambazo daktari anaandika, amitriptyline au gabapentin. Panado na diclofenac kwa maumivu haya hazifanyi kitu kikubwa, kwahiyo kama umekuwa unazinunua duka la dawa kila siku acha kujiumiza tumbo na nenda ukaandikiwe inayofaa.

Ukigusa kisiki ukakuta kuna kijisehemu kidogo ambacho ukikigonga kidogo tu shoti inapanda mpaka mkononi, inawezekana mshipa wa fahamu umejikunja ukatengeneza kivimbe pale, na hicho kinatibika, wakati mwingine kwa upasuaji. Mwonyeshe daktari hasa pale unapogonga. Kwa Dar MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanaona majeraha ya mikono na hospitali ya CCBRT wana watu wa mazoezi ya viungo na viungo bandia, na kama utakuwa Kaskazini hospitali ya KCMC Moshi wana hizo huduma pia na ndo penye chuo cha mafundi wa viungo bandia. Waambie wazi kwamba ni ajali ya kazini na kwamba dai lako liko WCF ili karatasi ziandikwe vizuri tangu mwanzo.

Ukiona kisiki kinavimba, kinatoa usaha, kinanuka, kina joto au una homa, au mfupa unaonekana kusukuma ngozi, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo. Mkono mzima ukianza kuvimba, kubadilika rangi na kuuma hata ukiguswa na upepo, wahi pia, kuna hali ya mishipa ya fahamu inayotibika vizuri ikiwahiwa na vibaya ikichelewa.

Kutetemeka ukisikia bati linagonga, mwili wako umeshika ule mlio kama taarifa ya hatari. Kwa wengi inapungua yenyewe ndani ya miezi ya mwanzo. Kwako ni mwezi wa tano na bado inatikisa mwili mzima na usingizi hamna, hapo mi nisingesubiri tena. Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kitengo cha afya ya akili, kwenda huko sio kuitwa kichaa, ni kwenda kueleza kilichokupata kwa mtu anayejua la kufanya, na hilo nalo ni jeraha la ile ajali kwahiyo liingie kwenye karatasi zako. Kama kuna siku unafikia mahali unaona bora usingekuwepo, mwambie mtu wa karibu siku hiyohiyo na aende na wewe hospitali.

Kwahiyo kesho ni WCF, ukitoka huko keshokutwa kliniki. Usiende peke yako, nenda na dada au rafiki anayejua kuandika haraka, akuandikie jina la kila ofisa uliyeonana naye, tarehe, na alichokujibu. Na kabla hujalala leo chukua daftari uandike siku ya ajali ilivyokuwa tangu ulipoingia getini asubuhi: saa ngapi ulianza, pisi ngapi ulikuwa umefikisha, mashine ilikuwa inatoa mlio gani, nani alikuwa kulia kwako na nani kushoto. Kama kuandika bado ni shida rekodi sauti kwenye simu, alafu umtumie mtu wako mmoja unayemwamini ili isipotee hata simu ikipotea.